DevFest, PyCon au Django Girls: uandae ipi ukiwa unajenga kazi ya programu?

Wengi wanaoandika programu huku kwetu, kuanzia Dar na Dodoma hadi Nairobi na Kampala, hufika mahali wakataka kuandaa tukio lao wenyewe. Wameshahudhuria mikutano ya wenzao, wameona waandaaji wanavyojulikana na kila mtu ukumbini, na wanaamini kazi hiyo itawafungulia milango. Wako sahihi. Ila milango yenyewe haifanani, na tukio utakaloliandaa ndilo litakaloamua upi ufunguke.

Ninalinganisha hapa njia tatu ambazo mtu wa Afrika Mashariki anaweza kuzianza bila kubuni kila kitu upya: DevFest iliyo chini ya Google Developer Groups (GDG), yaani vikundi vya wasanidi programu vinavyotumia jina la Google; mkutano wa PyCon wa lugha ya programu ya Python pamoja na ndugu yake DjangoCon wa Django, zana ya kujenga tovuti kwa Python; na warsha ya Django Girls. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: chagua kwa kuangalia ujuzi unaoutaka, ukubwa wa ukumbi uje baadaye. Na mtu ambaye hajatimiza miaka miwili kazini mimi humwelekeza Django Girls karibu kila mara, hata kama amekuja na ndoto ya PyCon.

## Zilikotoka

Django Girls ilianza Julai 2014 mjini Berlin, wakati wa mkutano wa EuroPython. Waanzilishi ni Ola Sitarska na Ola Sendecka. Ni warsha ya siku moja, bure kwa mshiriki, inayompokea mwanamke ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo na kumfikisha kwenye blogu yake mwenyewe iliyo hewani. Somo lote liko wazi mtandaoni, na mwongozo wa waandaaji nao uko wazi. Kwa mtu anayeanza hiyo ni neema kubwa, maana kila swali utakalokuwa nalo wiki ya kwanza limeshajibiwa na watu waliokutangulia.

PyCon ya kwanza kwa jina hilo ilifanyika Washington mwaka 2003. Barani kwetu, PyConZA ya Afrika Kusini ilianza 2012, Namibia ikafuata 2015, na PyCon Africa ikazinduliwa Accra Agosti 2019. Jirani tunazo PyCon Tanzania, PyCon Kenya na PyCon Uganda. Upande wa Django, mkutano wa kwanza duniani ulikuwa 2008 huko Mountain View, California. DjangoCon Africa ya kwanza ilikuja Zanzibar Novemba 2023, na iliyofuata ikafanyika Arusha Agosti 2025. Mara zote mbili mkutano wa bara zima ulitua Tanzania, na naona fahari kulisema hilo.

DevFest ni msimu zaidi kuliko mkutano mmoja. Kila mwaka, hasa kati ya Septemba na Desemba, vikundi vya GDG duniani kote huandaa DevFest zao, kila mji kwa ukubwa wake. Mada nyingi huzunguka Android, zana za Google za kutengeneza programu za simu kama Flutter na Firebase, huduma za wingu na siku hizi akili bandia.

## Jina ni la nani

Watu huliruka swali hili, kisha huwarudia mwaka wa pili au wa tatu.

Ukiandaa DevFest unatumia jina la mpango wa Google. Waandaaji wa GDG si wafanyakazi wa Google. Wanajitolea, na kikundi kinaendeshwa na watu wa mji husika. Lakini jukwaa la kuandikisha matukio, nembo na masharti vinatoka kwa kampuni. Faida yake unaiona mara moja: mdhamini akisikia jina hilo hakuulizi maswali mengi, mkuu wa idara anakupa ukumbi, na wanafunzi wanajaa. Upande wa pili ni kwamba uamuzi ukibadilika makao makuu, mjini kwako hakuna wa kuulizwa. Facebook ilizindua Developer Circles mwaka 2017 na mpango ukaenea miji mingi ya Afrika, ukapewa jina jipya kampuni ilipogeuka Meta, halafu ukafungwa. Google nayo mwaka 2024 ilibadilisha vilabu vya vyuoni kutoka Google Developer Student Clubs kuwa GDG on Campus. Hapo lilibadilika jina tu na kazi ikaendelea, lakini funzo ni lilelile: orodha ya wanachama wako, kwa ridhaa yao, itunzwe mahali ambapo ninyi wenyewe mna ufunguo.

PyCon ni alama ya biashara ya Python Software Foundation (PSF), taasisi iliyoundwa mwaka 2001. Unaomba ruhusa ya kulitumia jina, na baada ya hapo mkutano ni wenu. Mada mnachagua ninyi, bei ya tiketi mnapanga ninyi, mdhamini mnamkubali au mnamkataa ninyi. Uhuru huo unakuja na upweke wake: ukumbi ukighairi wiki moja kabla, hakuna ofisi ya kanda ya kupigia simu.

Django Girls iko katikati. Taasisi inakupa jina, ukurasa wa tukio na barua pepe ya tukio, na kuna mambo machache yasiyojadiliwa: warsha ni bure, haiandaliwi kwa faida, na walengwa ni wanawake. Mwongozo wake pia unakuhimiza usiandae peke yako. Ushauri huo ningeuweka hata kwenye PyCon na DevFest, kwa maandishi makubwa.

## Fedha

Hapa ndipo njia tatu zinapoachana kabisa.

DevFest ndiyo nyepesi. Chuo kinatoa ukumbi, mpango wa GDG unaweza kusaidia kidogo, kampuni ya mjini inalipia vitafunio. Tatizo lake ni mahudhurio. Tukio likiwa bure, watu hujiandikisha kwa mkono mwepesi na siku yenyewe wengine hawaonekani, ukabaki na sambusa za watu mia wasiokuja. Waandaaji wazoefu hutuma ujumbe wa kuthibitisha siku chache kabla, mtu asiyejibu nafasi yake inapewa mwingine, na oda ya chakula inafuata idadi ya waliothibitisha.

Kwa PyCon, fanya hesabu hii kwenye karatasi kabla hujatangaza chochote. Chukua washiriki 150 kwa siku mbili. Weka chai mbili na chakula cha mchana kwa shilingi 25,000 za Tanzania kwa kichwa kwa siku. Tayari ni milioni saba na nusu, na hujagusa ukumbi, vipaza sauti, beji, fulana, nauli za wazungumzaji wala mtu wa kurekodi video. Fedha za kulipia yote hayo hutoka sehemu tatu, na kila sehemu ina tabia yake.

Tiketi kwanza. Watu wetu hununua mwishoni. Unaweza kukaa wiki nyingi ukiangalia tiketi chache zilizouzwa, kisha siku nne za mwisho lipa namba ikawaka. Wakati huohuo mpishi anataka malipo ya awali na ukumbi unataka nusu. Pengo hilo la katikati ndilo linalolaza waandaaji macho, na dawa yake ni bei ya mapema yenye tarehe ya kweli ambayo haisogezwi hata mkiombwa vipi.

Wadhamini wanafuata. Kampuni kubwa haitoi fedha mkononi mwa kijana mwenye wazo zuri. Itataka profoma, akaunti ya benki yenye jina la taasisi, namba ya mlipa kodi, risiti, na mara nyingi italipa baada ya tukio kupita. Kwa hiyo jumuiya inayotaka kuandaa PyCon zaidi ya mara moja inalazimika kusajiliwa. Tanzania wengine huenda BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kusajili kampuni isiyo na mtaji wa hisa, wengine husajili chama. Uamuzi huo uchukueni mwaka mmoja kabla, kwa sababu ukishika barua ya mdhamini mkononi ndipo unagundua benki inataka karatasi ambazo hamna.

Ruzuku ni ya tatu. Kwa miaka mingi PSF imesaidia mikutano na warsha za Python duniani, Afrika ikiwemo, na Django Software Foundation husaidia matukio ya Django. Lakini ruzuku isiwe nguzo pekee ya bajeti. Ombi la DjangoCon Africa ya 2023 lilichelewa kuamuliwa wakati bodi ya PSF ikijadili usalama wa washiriki kwa kuzingatia sheria za nchi. Lilipitishwa hatimaye, lakini Desemba mwaka huo viongozi wa jumuiya za Python barani waliandika barua ya wazi kueleza jinsi walivyotendewa. Mwaka uliofuata PSF ikaanza vikao vya kila mwezi vya kujibu maswali ya waombaji. Kisha Agosti 2025 PSF ikasimamisha mpango wa ruzuku kwa muda, kwa sababu fungu la mwaka lilikuwa limefikia kikomo mapema. Mwandaaji aliyekuwa ameandika jina la PSF kwenye nusu ya bajeti yake alibaki na nusu ya mkutano.

Nina neno moja la nyongeza kuhusu posho. Ukimwalika mtu wa ofisi ya umma au mhadhiri, andika kwenye barua ya mwaliko kama kuna nauli au posho na kama hakuna. Ukinyamaza, mtaulizana mlangoni mbele ya watu, na hakuna anayetoka hapo na heshima yake kamili.

Django Girls ukiilinganisha na hayo ni bajeti ndogo ya kuheshimika. Wanafunzi 30, makocha 10, siku moja. Ukumbi wa chuo au wa kitovu cha ubunifu hupatikana bure mara nyingi. Gharama kubwa ni chakula na intaneti, na kampuni moja ya mjini yenye nia inaweza kuibeba yote.

## Siku yenyewe, kwa karibu

Kati ya matukio haya matatu, warsha ndiyo inayompa mwandaaji anayeanza picha kamili ya kazi kwa siku moja, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Usiku wa kuamkia siku ya warsha hufanyika kazi ambayo watu wengi hawaijui: kusakinisha. Faili la Python la Windows ni kama megabaiti 25. Kihariri cha VS Code ni karibu megabaiti 100. Watu 30 wakipakua vyote viwili kwa wakati mmoja, karibu gigabaiti nne zimeondoka kabla hajaandika mtu herufi moja. Ndiyo maana timu zilizozoea hubeba flashi zenye mafaili yote, za Windows za zamani na mpya, na kufanya usakinishaji jioni ya jana yake, washiriki wakinywa chai na kujuana majina. Hapo ndipo unakutana na kompyuta ya kaka ambayo nenosiri lake la msimamizi halijulikani, diski iliyobaki na nafasi finyu, betri isiyokaa hata dakika kumi nje ya chaja. Ekstensheni za umeme, hesabu ziwe nyingi kuliko unavyodhani zinatosha.

Asubuhi kila kocha hukaa na wanafunzi watatu hivi. Wanafungua dirisha jeusi la amri, wanatengeneza mazingira ya mradi, wanasakinisha Django, wanaandika amri ya kuwasha seva, na kwenye kivinjari inatokea roketi ya Django ikiwaambia usakinishaji umefanikiwa. Meza nzima hushangilia. Nimeona mwanafunzi wa uhasibu akigeuza kompyuta yake kumwonyesha wa meza ya pili, ambaye yeye bado alikuwa anapambana na amri ya tatu. Mchana wanaunda jedwali la makala, lenye kichwa, maandishi na tarehe ya kuchapishwa. Alasiri wanapeleka blogu PythonAnywhere, huduma ya kuweka tovuti hewani, na mtu aliyefika asubuhi akisema "mimi na kompyuta wapi na wapi" anamtumia mama yake kiungo kwenye WhatsApp.

Kocha naye anajifunza, pengine kuliko mwanafunzi. Umetumia violezo vya Django mwaka mzima, halafu binti wa kidato cha sita anakuuliza kwa nini faili limo ndani ya folda mbili zenye jina moja. Unatafuta jibu, na ukilitafuta kwa haki unagundua ulikuwa unanakili bila kuelewa. Kosa la kiolezo kutoonekana, nafasi iliyozidi mwanzoni mwa mstari, nukta mbili zilizosahauliwa baada ya jina la darasa: ukishayasahihisha kwenye kompyuta za watu kumi tofauti, unaanza kuyaona kazini kabla hayajatokea.

Siku ya PyCon ni kazi ya aina nyingine kabisa. Mwandaaji mkuu hasikilizi mada hata moja. Yuko mlangoni na mgeni ambaye jina lake halimo kwenye orodha, yuko nyuma ya jukwaa na adapta ya projekta, yuko kwenye simu na dereva aliyempeleka mzungumzaji hoteli isiyo yake. Ana pia jukumu zito zaidi ambalo halionekani: kanuni za maadili. Mkutano wa PyCon unaoomba ruzuku ya PSF lazima uwe nazo, na kuwa nazo maana yake ni kuwe na watu wawili watatu waliotajwa kwa jina, wenye namba ya simu iliyowashwa, wanaojua watafanya nini binti akija kusema amesumbuliwa. Ukurasa wa tovuti wenye maneno mazuri hautoshi. Kama timu yenu haina mtu wa kuibeba kazi hiyo kwa utulivu, mkutano wenu bado haujawa tayari, hata fedha zikiwa zimejaa.

DevFest, kwa siku yenyewe, iko karibu na PyCon ndogo ya siku moja. Tofauti iliyo kubwa kwangu ni siku zinazofuata. PyCon na DjangoCon huwa na kile kinachoitwa sprinti, siku moja au zaidi mwishoni ambapo watu hukaa pamoja na kuandika msimbo wa miradi huria, na wengi hutuma badiliko lao la kwanza hapo, pembeni ya mtu anayeujua mradi. DevFest nyingi huishia kwenye picha ya pamoja.

## Kazini kwako panaongezeka nini

Niseme bila kuzungusha: kuandaa mkutano hakukufanyi uandike msimbo bora. Miezi unayohangaika na ukumbi na wadhamini ni miezi ambayo hujasoma msimbo wa mtu mwingine. Mwajiri anayekupima kwa mtihani wa msimbo hatajali beji yako ya mwandaaji. Mwanafunzi anayetumia mwaka wake wa mwisho kuongoza matukio manne bila kumaliza mradi mmoja atajulikana mjini na bado atashindwa usaili, na hilo huniuma kila ninapoliona kwa sababu ni vijana wenye bidii kweli.

Kinachoongezeka ni vitu vingine, na vina thamani yake. Vinatofautiana hivi.

Warsha inakupa kufundisha. Kazini hiyo inaonekana unapompokea mwajiriwa mpya, unapoandika nyaraka, unapoeleza kwa meneja asiye fundi kwa nini jambo litachukua wiki mbili. Anna Makarudze wa Zimbabwe ni mfano mzuri: alijishughulisha na Django Girls nchini kwao, akaingia kwenye uongozi wa taasisi yenyewe, na akawahi kuwa rais wa Django Software Foundation. Njia yake ilipitia kwenye meza za wanafunzi.

PyCon inakupa usimamizi: bajeti, mikataba, kamati, watu wanaojitolea ambao huwezi kuwafukuza na lazima uwashawishi. Inakupa pia kusoma mapendekezo ya mada. Mtu aliyesoma mapendekezo mia moja ya wazungumzaji anajua vizuri sana lipi linaeleweka na lipi ni maneno matupu, na pendekezo lake mwenyewe likienda nje ya nchi linakuwa na nguvu. Na inakupa watu. Marlene Mhangami, naye wa Zimbabwe, alishiriki kuanzisha ZimboPy iliyofundisha wasichana Python, akawa kwenye bodi ya PSF, akaongoza PyCon Africa ya kwanza mwaka 2019, na baadaye kazi yake ikawa ya kuwa kiungo kati ya kampuni za teknolojia na wasanidi programu, Microsoft ikiwemo. Kazi za namna hiyo, za kueleza na kuunganisha, huenda kwa watu ambao wameshaonekana wakizifanya bure.

DevFest inakupa kujulikana mjini haraka kuliko zote, pamoja na njia ya kukutana na wataalamu wanaotambuliwa na Google katika fani zao. Kwa msanidi wa Android au Flutter hiyo ni faida ya moja kwa moja, maana watu wanaotafuta mtu wa Flutter wako palepale ukumbini. Kwa mtu wa Python anayefanya kazi ya seva, faida ni ndogo zaidi.

Ukiandika kwenye wasifu wako "mwandaaji wa PyCon", umeandika kidogo mno. Andika ulichobeba: "nilisimamia mapokezi ya washiriki mia mbili", "niliandika na kufuatilia barua za wadhamini", "nilijenga mfumo wa tiketi". Hilo la mwisho linanipeleka kwenye jambo ninalolipenda. Mifumo miwili inayotumika sana kuendesha mikutano ya aina hii, pretalx ya kupokea mada na pretix ya kuuza tiketi, yote imeandikwa kwa Django na msimbo wake uko wazi. Developa wa Django aliye kwenye kamati anaweza kuisimika kwenye seva ya jumuiya, akarekebisha tafsiri, akachunguza namna ya kuunganisha malipo ya simu. Hapo kazi ya kuandaa na kazi ya msimbo zinakutana, na mwajiri anaona vyote viwili kwenye ukurasa mmoja.

Kama unachotaka hasa ni kukua kwenye msimbo, kuna njia ya nne ambayo haina ukumbi: changia. Djangonaut Space, iliyoanza 2023, hukusanya vikundi vidogo vya wachangiaji wapya na kuwaongoza kwa wiki nane wakifanya kazi kwenye Django yenyewe na miradi iliyo karibu nayo. Sarah Boyce, aliyeshiriki kwenye mpango huo, aliajiriwa mwaka 2024 kuwa miongoni mwa watu wanaolipwa kuitunza Django. Au zungumza kwenye mkutano wa wenzako. Mada ya dakika tano za kasi hugharimu jioni mbili tatu za kujiandaa, na watu wanaolikumbuka jina lako baada yake huwa wengi kuliko unavyotarajia.

## Muda na mwajiri

Warsha moja ni miezi miwili mitatu ya jioni na Jumamosi. DevFest karibu vivyo hivyo, pungufu kidogo kama kikundi tayari kipo. PyCon ni mwaka. Barua za mwaliko kwa wageni wanaohitaji viza peke yake zinataka miezi.

Mweleze mwajiri wako mapema, kwa maandishi, na umwombe siku mbili tu za tukio. Waajiri wengine watakupa na fedha za udhamini juu yake. Wengine watakunja uso, na ni bora ulijue hilo mwezi wa kwanza.

## Basi uchague vipi

Uko chuoni, Dodoma, Eldoret au Bujumbura, na hujawahi kuandaa kitu: omba kwanza kuwa kocha kwenye Django Girls ya mji wa jirani. Ukirudi, andaa ya kwako pamoja na mwenzako mmoja. Kama lugha yako ni Dart ya Flutter au Kotlin ya Android, ingia GDG on Campus iliyopo chuoni ujifunze kwa waliokutangulia, ila hakikisha muhula hauishi bila mradi mmoja uliokamilika na unaofanya kazi kwenye simu ya mtu mwingine.

Uko kazini mwaka wa kwanza au wa pili: kocha, mzungumzaji, au mtu wa kusoma mapendekezo ya mada kwenye PyCon ya nchi yako. Cheo cha mwenyekiti kikataa kwa upole hata ukibembelezwa. Kamati ya mapendekezo ndiyo kiti ambacho ningekupigania ukipate, kwa sababu kinakupa elimu kubwa na hakikulazimu kujibizana na mpishi.

Una miaka minne au mitano, kazi imetulia, unafikiria kuongoza timu: hapo PyCon inakulipa. Ingia ukiwa na watu wawili unaowaamini kwenye mambo ya fedha, usajili uliokamilika, na mtu wa kanuni za maadili aliyekubali kwa kinywa chake. Tangazeni tarehe baada ya ukumbi kusaini, na ukubwa wa mkutano upangwe na fedha zilizoko benki wakati wa kufungua tiketi.

Mjini kwako tayari kuna GDG yenye watu wazuri na unaandika Flutter kila siku: DevFest, bila kusita. Nenda kaongee nao mwezi wa tano au wa sita, kabla ratiba ya msimu haijafungwa, na uombe kusimamia wazungumzaji.

Na kama uko mji ambao hauna hata kimoja, usianze na mkutano. Tafuta watu wanane wenye kompyuta, chumba chenye umeme, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Mkidumu mwaka mzima, omba Django Girls. Taasisi itawauliza mna makocha wangapi, nanyi mtakuwa nao tayari.